Uliza Ujibiwe: Mnara wa Saa wa Bern kwa Familia Itokayo Mwanza

Katika toleo lililopita tulichapisha picha ya Zytglogge, mnara wa saa uliopo katika mji mkongwe wa Bern, makao makuu ya serikali ya Uswisi. Hatukutarajia kwamba picha moja ingeleta barua nyingi kiasi hiki kutoka pande zote za Ziwa, kuanzia kwa watu wanaojiandaa kwa safari hadi kwa fundi saa mmoja wa Kirumba ambaye hana mpango wa kwenda popote ila anataka kujua mtambo ule unafanyaje kazi. Kwa sababu hiyo safu yote ya toleo hili imeachiwa mnara huo mmoja.

SWALI: Mhariri, salamu. Mwezi wa saba, Mungu akipenda, nitasafiri na mke wangu, watoto wetu wawili wenye umri wa miaka 7 na 11, pamoja na mama yangu mzazi aliyetimiza miaka 73, kwenda kumtembelea mdogo wangu anayefanya kazi Bern. Mdogo wangu anasisitiza kwamba tusiondoke bila kuuona mnara wa saa. Mwenzangu kazini, ambaye aliwahi kufika huko, anasema ni visanamu vinavyochezacheza kwa dakika tatu, watu wanapiga picha, basi. Je, inafaa kuitumia nusu siku ya familia kwa jambo hilo? Na mama ataweza kupanda? (Baba wa watoto wawili, Ilemela)

JIBU: Ndugu msomaji, mwenzako hakukudanganya. Alichokiona ndicho anachokiona kila mtu anayefika dakika ya mwisho, akasimama nyuma ya umati na kuinua simu juu ya vichwa vya wenzake. Sanamu zile ni ndogo, zipo juu, na mchezo wao ni mfupi. Mtu anayetegemea burudani ya uwanjani ataondoka amenuna. Hata hivyo nakushauri uitenge hiyo nusu siku, kwa sharti moja tu, nalo ni kwamba familia iingie ndani ya mnara kwanza na kutazama mchezo wa nje baadaye. Sisi wa Mwanza tunao mnara wetu wa saa pale mjini, na tumezoea kuutupia jicho tukiwa njiani kuelekea shughuli zetu, bila kufikiri kama una ndani. Zytglogge una ndani, na huko ndani ndiko kuliko na mambo.

Haruhusiwi mtu kuingia na kupanda peke yake. Watu huingia kwa makundi pamoja na mwongozaji, kwa muda unaokaribia saa nzima, na nafasi ni vema zikatiwe tiketi mapema, hasa mwezi wa saba ambapo wageni ni wengi. Mwambie mdogo wako afanye kazi hiyo mapema na aulize maelezo yatatolewa kwa lugha gani, kwa maana huenda yeye akalazimika kuwa mkalimani wa watoto. Mkiwa njiani kupanda, mtapita katika chumba ambamo mtambo wenyewe umesimama, fremu ya chuma yenye magurudumu makubwa ya meno, na kamba zinazoning'iniza mawe ya uzito. Muulize mwongozaji kama mtakuwa chumbani humo saa itakapogonga. Magurudumu ambayo yalikuwa kimya hufunguka ghafla, chuma huanza kukimbia, na mtoto huelewa bila kuambiwa kwamba jogoo wa nje na kengele ya juu vinavutwa na kitu kile kile kilicho mbele yake. Baada ya hapo mtapanda hadi juu kutazama mapaa ya vigae ya mji na mto Aare unaouzunguka kwa pande tatu.

Kuhusu mama yako, nampa shikamoo kupitia kwako, na nasema wazi kwamba asipande. Najua akina mama wa Mwanza hawatishwi na mwinuko, na aliyeishi juu ya miamba ya Mabatini au Igogo amepanda zaidi ya hapo kila siku akiwa na mzigo kichwani. Lakini ngazi za mnara ni zaidi ya 100, ni nyembamba, hakuna lifti, na kundi likishaanza kupanda si rahisi mtu mmoja kugeuka peke yake. Mama abaki chini na mke wako au mdogo wako. Barabara za mji mkongwe zina baraza zilizofunikwa kwa matao, zikiungana jumla ya kilomita 6 hivi, ambamo mtu hutembea au kukaa kwenye mgahawa bila kupigwa na jua wala mvua, na kutoka kwenye baraza za Kramgasse, mtaa ulio upande wa mashariki wa mnara, mnara unaonekana vizuri.

Baada ya kushuka, kusanyikeni wote upande wa mashariki wa mnara. Nalikazia hili kwa sababu wageni wengi hutokea kituo cha treni, yaani magharibi, wakaona uso mkubwa wa saa na picha kubwa ya ukutani, wakasimama hapo hapo kungoja. Picha hiyo ya magharibi, iliyochorwa na Victor Surbek mwaka 1930, ina uzuri wake, lakini sanamu zote zinazocheza zipo upande wa pili. Piteni chini ya tao la mnara, mtokee Kramgasse, na msimame karibu na chemchemi yenye sanamu ya dubu aliyevaa mavazi ya chuma ya vita. Mtoto wako mdogo atafurahi kumtafuta dubu mwingine, mtoto, anayekula zabibu miguuni pa yule mkubwa. Shikeni watoto mikono. Mahali hapo panaonekana kama uwanja wa waenda kwa miguu, lakini basi la namba 12 linapita barabara hiyo hiyo, na ni la umeme, kwa hiyo halina muungurumo wa kumwonya mtu.

Mchezo huanza saa inapokuwa kasoro dakika tatu au nne. Kama mmepanga kuuona wa saa tano asubuhi, muwe mmeshatulia mahali penu saa tano kasoro dakika kumi. Kwanza jogoo huwika. Kisha dubu wadogo, wengine na silaha na wengine na ala za muziki, huanza kuzunguka kwa msafara. Juu yao hukaa mchekeshaji mwenye kofia ya kuchekesha, naye hugonga vikengele vyake viwili kabla ya wakati, maana mpumbavu hajui kungoja. Jogoo huwika mara ya pili. Hapo ndipo kilele cha mnara kinapohusika, kwa sababu sanamu ya dhahabu ya mtu aliyevaa nguo za vita, ambayo wenyeji huiita Hans von Thann, huinua nyundo na kugonga kengele kubwa, huku Chronos, mzee wa wakati aliyeketi katikati, akigeuza saa yake ya mchanga na kufungua kinywa kana kwamba anahesabu, na simba aliye kando yake akigeuza kichwa. Jogoo huwika mara ya tatu, na mambo yamekwisha. Ushauri wangu ni kwamba kila mmoja apewe sanamu yake ya kuitazama, kwa kuwa macho mawili hayawezi kufuata dubu, mzee na nyundo kwa pamoja. Mama apewe darubini ndogo ya mkononi na akabidhiwe simba, ambaye ndiye anayewakwepa watu wengi.

Muda utakaobaki utoshe kushuka taratibu kwa Kramgasse hadi daraja la Nydegg, mwendo wa kilomita moja hivi, ambako tangu mwaka 2009 kuna hifadhi ya dubu walio hai ukingoni mwa mto. Kwenda ni mteremko, kwa hiyo mama ataweza. Kurudi pandeni hilo basi la namba 12. Jambo dogo la fedha ni kwamba wageni wanaolala hotelini Bern hupewa tiketi ya kusafiria mjini bila malipo, lakini ninyi mtakaolala kwa ndugu yenu hamtaipata, kwa hiyo ulizieni mapema tiketi ya siku nzima.

SWALI: Mimi ni fundi saa, nimekaa Kirumba miaka mingi nikitengeneza saa za mkononi na za ukutani. Nimesoma kwamba mtambo wa mnara ule ni wa zaidi ya miaka 490. Hakuna chuma kisicholika. Je, ni kweli ule ule wa zamani ndio unaofanya kazi, au wameweka mota ya umeme nyuma na kutuonyesha magurudumu kwa mapambo? Na jogoo anawikaje? (Fundi, Kirumba)

JIBU: Fundi, swali lako lina haki ya kuulizwa, kwa sababu minara mingi ya Ulaya imefanyiwa hivyo hivyo unavyoshuku. Mtambo wa Bern ulikamilishwa mwaka 1530 na Kaspar Brunner, mtu ambaye kazi yake ya asili ilikuwa kufua silaha, na ndio unaoendesha mishale, kengele na sanamu hadi leo. Umefanyiwa matengenezo mara nyingi katika karne hizo, kama unavyojua kwamba meno hulika na mashimo ya ekseli hupanuka, lakini muundo wake na nguvu yake ni zile zile. Nguvu hiyo ni uzito. Kila siku mtunzaji hupanda na kuuvuta kwa mkono, akizungusha mkono wa chuma mpaka mawe yapande juu kama ndoo inayotolewa kisimani, kisha mawe hayo hushuka polepole na kushuka kwao ndiko kunakozungusha kila kitu.

Wewe umezoea springi iliyokunjwa ndani ya kisanduku chake, ambayo huwa kali ikiwa imejaa na kulegea inapoisha, na bila shaka umeshawaona wateja wanaolalamika kwamba saa inakimbia asubuhi na kuchelewa usiku. Jiwe halina tabia hiyo. Linavuta kwa nguvu ile ile likiwa juu na likiwa chini, na ndiyo sababu wahunzi wa karne ya 16 waliliamini. Tatizo lao lilikuwa kwingine, katika kulizuia lisishuke kwa mara moja. Brunner alipojenga mtambo wake hapakuwa na saa yoyote duniani yenye pendulamu, yaani uzito unaoning'inia na kubembea huku na huku, kwa kuwa Christiaan Huygens wa Uholanzi alibuni saa ya namna hiyo mwaka 1656. Saa za zama za Brunner zilizuiwa na mtaimbo mlalo uliopigwa huku na huku na meno ya gurudumu, na saa ya namna hiyo ingeweza kupotea robo saa kwa siku bila mtu kushangaa. Palihitajika mtu wa kuisahihisha mara kwa mara kwa kutumia jua. Pendulamu utakayoiona Bern ukifika iliongezwa baadaye.

Jambo ambalo nadhani litakupendeza zaidi ni jinsi kazi zilivyogawanywa. Gurudumu linaloendesha mishale halibebi mzigo wa kengele, na linalogonga kengele halibebi dubu. Kila kazi ina uzito wake na magurudumu yake, na moja humfungulia mwenzake lango kwa wakati wake, kisha hulifunga. Kwa mpangilio huo msafara wa dubu unaweza kukwama kwa baridi na mishale ikaendelea kuonyesha wakati sahihi. Kuhusu jogoo, hana siri kubwa. Ni mvukuto unaosukuma hewa kupitia filimbi, kama ule wa mhunzi, ila badala ya kuchochea moto unatoa sauti. Sauti yenyewe, nikikiri upendeleo wangu, haifanani sana na jogoo wa Usukuma, lakini ukubwa wa umri unamsamehe.

Kengele ya juu ni kongwe kuliko mtambo. Iliyeyushwa na kumiminwa mwaka 1405, baada ya moto mkubwa kuunguza sehemu kubwa ya mji pamoja na mnara wenyewe, na uzito wake unakaribia kilo 1,400.

SWALI: Nafundisha Jiografia katika shule ya sekondari wilayani Sengerema. Katika picha mliyochapisha niliona chini ya saa ya kawaida kuna uso mwingine wa mviringo wenye duara ndani ya duara, nyota za buruji, na namba za Kirumi zinazojirudia mara mbili. Wanafunzi wangu waliuliza unasomwaje, nikawaambia nitauliza. (Mwalimu, Sengerema)

JIBU: Mwalimu, huo ndio uso wenye maana kuliko yote, na watalii wengi huupita kwa sababu haurukiruki. Ni saa ya falaki. Ukiieleza kuanzia nje kwenda ndani haitawatisha wanafunzi.

Mzunguko wa nje una namba za dhahabu za Kirumi kuanzia I hadi XII, kisha tena I hadi XII, jumla 24, na mshale mkuu huuzunguka mara moja tu kwa siku nzima, mchana na usiku. Kwenye mshale huo kuna majua mawili. Jua dogo huonyesha tarehe. Jua kubwa ndilo la kufundishia, kwa sababu linapita juu ya ramani ya anga iliyochorwa kwa rangi tatu, buluu hafifu ikiwa mchana, buluu iliyokolea ikiwa alfajiri na magharibi, na nyeusi ikiwa usiku. Jua hilo likivuka mstari wa upeo kutoka eneo la giza kuingia eneo la mwanga, jua la kweli nalo linachomoza juu ya Bern. Likivuka upande wa pili, linazama. Juu ya ramani huzunguka wavu wa chuma wenye buruji 12, wale wale Hamali, Thauri, Jauza, Saratani na wenzao ambao wasomaji wa kurasa za nyota magazetini wanawafahamu, na ndani yake kuna mwezi unaoonyesha kama ni mchanga, mpevu au unaopungua. Siku ya juma nayo ina dirisha lake. Udhaifu mmoja ambao wanafunzi wataupenda ni kwamba mtambo haujui mwaka mrefu. Kila tarehe 29 Februari inapofika, mtu hulazimika kupanda na kurekebisha tarehe kwa mkono.

Sasa ongeza jambo ambalo mwalimu wa Sengerema anaweza kulifundisha vizuri kuliko mwalimu wa Uswisi. Kwenye ramani ile ya anga kuna mistari ya dhahabu iliyopinda, inayogawa mchana katika sehemu 12 kuanzia jua linapochomoza hadi linapozama. Saa ya kwanza ni ile inayofuata macheo, na ya sita huishia katikati ya mchana. Wanafunzi wako watasema mara moja kwamba hiyo ni hesabu yetu, na watakuwa sahihi, kwa kuwa wazee wa Ulaya ya kale nao walihesabu kuanzia macheo. Waulize basi kwa nini sisi tumebaki nayo na wao wameiacha. Jibu limo katika latitudo. Mwanza ipo nyuzi 2 na nusu kusini mwa Ikweta, kwa hiyo mchana wetu haupungui wala hauzidi saa 12 kwa kiasi cha kuonekana, na saa moja ya asubuhi inakutana na jua lile lile mwezi wa kwanza na mwezi wa saba. Bern ipo karibu nyuzi 47 kaskazini. Mwishoni mwa mwezi wa sita jua huchomoza huko kwenye saa kumi na moja na nusu alfajiri na kuzama karibu saa tatu na nusu usiku. Mwishoni mwa mwezi wa kumi na mbili huchomoza baada ya saa mbili asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi na moja jioni. Ukigawa michana hiyo miwili kwa 12, saa moja ya kiangazi inakaribia kuwa mara mbili ya saa moja ya baridi. Hapakuwa na namna gurudumu la chuma, lenye meno yasiyobadilika idadi, lingefuata saa za namna hiyo, na mitambo ilipoenea Ulaya ikabidi saa zote ziwe za urefu mmoja, zihesabiwe kuanzia usiku wa manane na adhuhuri. Uso wa Bern unazo hesabu zote mbili, ile iliyoshinda kwenye mzunguko wa nje na ile iliyoshindwa kwenye mistari iliyopinda.

Mwanafunzi akikuuliza kama kengele ya adhuhuri hugonga mara sita, mjibu kwamba hugonga mara kumi na mbili.

SWALI: Ni kweli kwamba mnara huo ulikuwa gereza la wanawake? Na nimeambiwa kwamba karibu yake kuna sanamu ya mtu anayekula watoto. Nina binti wa miaka 5 ambaye huota ndoto mbaya. Nipite naye wapi? (Mama wa Nyakato)

JIBU: Ni kweli yote mawili, dada. Mnara ulijengwa mapema katika karne ya 13 ukiwa lango la magharibi la mji, ambao ulianzishwa mwaka 1191 na mtawala Berthold V wa Zähringen. Mji ulipokua na ukuta kusogezwa mbele mara mbili, lango likabaki ndani na kukosa kazi, ndipo katika karne ya 14 likafanywa gereza la wanawake, hasa wale walioshtakiwa kwa kuwa na mahusiano na mapadre. Historia haisemi sana kuhusu adhabu ya mapadre wenyewe. Moto wa 1405 uliteketeza mnara pamoja na waliofungiwa humo, na baada ya kujengwa upya haukutumika tena kama gereza.

Sanamu unayoitaja ipo juu ya chemchemi katika uwanja wa Kornhausplatz, hatua chache tu kutoka mnarani, na ilichongwa katikati ya karne ya 16. Ni zimwi lililokaa, kichwa cha mtoto kimeshaingia kinywani, na mfukoni mwake kuna watoto wengine wanaosubiri zamu. Wenyeji wana maelezo mengi kuhusu asili yake na hayapatani. Kwa kuwa chemchemi hiyo ipo upande wa magharibi, mkitokea kituo cha treni mtaiona kushoto kwenu mnapokaribia mnara; mpitishe binti upande wa kulia, mwonyeshe saa, na mkishavuka tao mpo salama kwa dubu. Watoto wakubwa kidogo kwa kawaida huipenda, hasa waliolelewa kwa hadithi za mazimwi ya kwetu.

Mkiwa chini ya tao, tazameni ukutani. Kuna vipimo rasmi vya urefu vilivyowekwa hadharani, vikiwemo vya mita moja na mita mbili, ili mnunuzi wa kitambaa aliyeshuku kwamba amepunjwa aje kupima mwenyewe. Mnara ulikuwa pia mahali pa kuanzia kupima barabara za jimbo. Mawe yaliyosimikwa kando ya njia yalimwambia msafiri amebakiwa na mwendo wa saa ngapi kwa miguu kufika mnarani.

SWALI: Je, ni kweli Einstein aligundua nadharia yake akiutazama mnara huo? (Mwanafunzi, Musoma)

JIBU: Alikaa jirani nao kabisa. Kuanzia 1903 hadi 1905 Albert Einstein aliishi na mkewe Mileva katika nyumba namba 49 ya Kramgasse, na mtoto wao Hans Albert alizaliwa Bern mwaka 1904, wakati baba akifanya kazi katika ofisi ya hataza za uvumbuzi. Mwaka 1905 ndio alipotoa makala zake kuu, ikiwemo ile ya nadharia ya uhusianifu (relativity), ambayo ndiyo unayoiulizia. Waongozaji wa watalii husimulia kwamba alikuwa ndani ya tramu akiutazama mnara ukibaki nyuma, akajiuliza saa ile ingeonekanaje kama tramu ingekimbia kwa mwendo wa mwanga. Ni hadithi nzuri na swali lenyewe ni la kweli katika fizikia, lakini ipokee kama simulizi ya mtaani. Nyumba yenyewe ni makumbusho madogo, na kwa kijana anayesoma fizikia inastahili kuliko duka la chokoleti lililo karibu yake.

SWALI: Nataka kwenda na mke na watoto watatu mwezi wa kumi na mbili badala ya mwezi wa saba, kwa kuwa ndipo ninapopata likizo. Viza ni bei gani, na je, sanamu hucheza wakati wa theluji? (Msomaji wa Bukoba)

JIBU: Uswisi imo katika eneo la Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, hivyo viza ni ile ya pamoja ya muda mfupi, isiyozidi siku 90 ndani ya siku 180. Tangu mwezi wa sita 2024 ada ni euro 90 kwa mtu mzima na euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, na aliye chini ya miaka 6 halipiwi. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na yasiwe chini ya siku 15. Bima ya safari ifikie angalau euro 30,000 kwa kila mmoja. Watoto walio chini ya miaka 12 hawachukuliwi alama za vidole, lakini wazazi wote wawili hutakiwa kuridhia safari yao kwa maandishi. Familia ya watu watano ihesabu gharama hizi kabla ya kutazama bei ya ndege, kwa sababu ada hairudishwi viza ikikataliwa.

Mtambo hufanya kazi mwaka mzima, na sanamu hucheza kwenye theluji kama kwenye jua. Kinachobadilika ni ratiba ya kuingia ndani, ambayo hupunguzwa wakati wa baridi, kwa hiyo ulizeni tarehe kabla ya kulipia chochote. Chagueni mchezo wa saa sita mchana, ambao kengele yake hugonga mapigo mengi na jua, likiwapo, huwa juu. Ikifika saa kumi na moja jioni mtakuwa mnatazama gizani. Simu zenu zitajirekebisha zenyewe mkifika, lakini mkipiga nyumbani kumbukeni kwamba mwezi wa kumi na mbili Bukoba ipo mbele ya Bern kwa saa mbili, wakati mwezi wa saba tofauti ni saa moja tu.